Dondoo Muhimu: Maktaba Isiyomfungia Mtu Mlango

Mwenye kuazimia kuifungua maktaba, iwe ya shule mjini Masasi au ya kata huko Newala, kwa wasomaji na watumishi wenye ulemavu, na aanzie nje langoni, kwa kuwa kitimwendo huzama katika mchanga kabla hakijaufikia mlango. Hivyo njia isakafiwe tangu barabarani, na mteremko wa kupandia usizidi kimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu.

Ndani, ujia baina ya rafu uwe na upana wa sentimita 90 angalau, na pa kugeukia 150.

Msomaji mwenye ualbino, ambaye jua kali la kusini humtaabisha macho, apewe kiti kisichoelekea dirisha, pamoja na kioo cha kukuzia maandishi. Naye asiyeona apatiwe vitabu vya nukta nundu, visibanwe rafuni, maana nukta zikishindiliwa hufifia. Kwa kiziwi, kalamu na karatasi ni afadhali mara elfu kuliko kupaza sauti, ada ambayo, kwa ajabu, hatujaiacha.

Watumishi ndio husahauliwa zaidi, ilhali Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 yamtaka mwajiri mwenye waajiriwa 20 au zaidi awe na asilimia 3 miongoni mwao wenye ulemavu. Basi meza ya kuazimishia vitabu iachiwe nafasi ya magoti chini yake. Na kabla fundi hajaitwa, tafadhali waulizwe kwanza wenyewe watakaoitumia.