Taa za Breki na za Nyuma: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

USIINGIE barabarani usiku na taa za nyuma zilizokufa, eti "nafika hapo tu". Dereva wa lori lililo nyuma yako hajui unakokwenda.

ANZA kwa kutazama, si kwa kununua. Mtu asimame nyuma ya gari, wewe ukanyage breki. Taa moja haiwaki? Mara nyingi ni balbu. Zote haziwaki, hata ile ya juu kwenye kioo cha nyuma? Achana na balbu. Kagua fyuzi ya STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedeli.

Gari la otomatiki likigoma kutoka P, USIKUBALI gia boksi ifunguliwe kabla hujakagua taa za breki. Kwenye magari mengi swichi hiyo hiyo ya pedeli ndiyo inayoruhusu gia itoke.

USIWEKE waya, msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Ya ampea 10 ikikatika tena, kuna shoti, na ukiweka ya 30 utaunguza waya. Fuatilia nyaya, hupenda kuchubuka zinapopinda kwenye bawaba za buti.

CHOMOA balbu uitazame. Nyingi zina nyuzi mbili: wati 5 za taa ya nyuma na wati 21 za breki. Mmoja hukatika mwingine ukabaki, kwa hiyo kuwaka usiku si ushahidi kwamba breki zako zinaonekana. USIILAZIMISHE kuingia kinyume, wala usichomeke ya uzi mmoja kwenye soketi ya mbili.

Ukikanyaga breki na indiketa ikafifia, au taa ya upande mmoja ikazimika, hiyo ni ethi mbovu. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi hupitia taa ya jirani. Fundi anayekuuzia balbu hapo anakula hela yako. FUNGUA bolti ya ethi, sugua kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza.

Taa za breki zikigoma kuzimika, PAPASA kapeti chini ya pedeli. Ukiokota vipande vya plastiki au mpira, ni kile kizibo kidogo kinachobonyeza swichi, kimechakaa kikapukutika. Weka kingine leo, la sivyo asubuhi betri imekwisha. Kuchomoa fyuzi si matengenezo.

Na kioo chekundu kikivunjika, USIACHE balbu iangaze nyeupe. Anayekufuata atadhani unarudi nyuma.