Majira ya Seleri katika Ufipa

Seleri ni mboga, jamaa ya karoti na giligilani. Asili yake ni mahali penye majimaji, pande za Bahari ya Mediterania, nayo haijasahau kwao: mizizi yake haiendi chini sana, hutaka ardhi chepechepe siku zote. Tena hupenda ubaridi wa kiasi, digrii 15 hadi 21. Joto likizidi, mabua huwa magumu na machungu.

Huku juu Ufipa, Sumbawanga na Kasense, nchi ni ya ubaridi, basi wengi hudhani seleri hupandwa wakati wo wote. Sivyo. Mkulima wa kabichi husia mbegu mwezi wa Mei, mvua zikiisha, akavuna vema, kwa kuwa kabichi hukomaa kwa miezi mitatu au minne. Seleri hutaka karibu sita. Ikisiwa Mei, miche yake hupatwa na baridi kali ya Juni na Julai ingali michanga. Kisha huja joto la Septemba na Oktoba, vijito vikipungua. Mche uliokaa katika baridi ya chini ya digrii 10 kwa majuma mawili hivi, ukiisha kuonja joto, hutoa maua badala ya mabua mazuri. Kazi ya nusu mwaka imekwenda bure.

Kwa hiyo tusihesabu tangu siku ya kupanda, ila turudi nyuma tangu joto la Septemba. Mavuno yawe Agosti. Miche ihamishwe mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Mbegu zisiwe Februari. Mwonapo watu wakilima intumba, wakifukia majani chini ya udongo, miche yenu na iwe kitaluni tayari.

Lakini Februari ni mwezi wa mvua kubwa, na mbegu za seleri ni ndogo mno, huchukuliwa na maji mara moja. Inueni kitalu, mkijengee paa jembamba la nyasi juu ya miti minne. Msizifukie mbegu, zinyunyizieni udongo kidogo tu, maana hupenda kuona mwanga. Zitakaa majuma mawili au matatu kabla ya kuota, na wengine hukata tamaa wakachimbua kitalu!

Wakati wa kuhamisha, msipande juu ya intumba, kwani kilele chake hukauka upesi. Chimbeni mfereji, mtie samadi iliyooza, mche na mche shubiri moja. Mwagilieni kila siku mvua zikikoma. Vuneni alfajiri, mabua yakiwa yamejaa maji.

Mtu wa bonde la Rukwa, mita 1,000 hivi chini yetu, asifuate hesabu hii. Kwake joto ni jingi. Afadhali akate majani machanga kwa mchuzi.

Zoezi: Mtu ataka kuvuna tarehe 15 Agosti. Miche itakaa kitaluni majuma 10, na bustanini majuma 15. Asie mbegu tarehe gani?