Kumbikumbi ndani ya Sashe: Sumu Isiyo na Mlozi

Mvua zikianza, kumbikumbi hutoka usiku na watoto wa kijijini Ntoto hawalali. Mwenge unawashwa karibu na kichuguu, beseni la maji linategwa chini, na asubuhi mama anawakaanga kwa chumvi kidogo, bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe. Wakiliwa siku hiyo ni mboga bora kuliko nyama nyingi. Taabu huanza pale mama anapomkumbuka mwanawe anayesoma Goma. Anawajaza kwenye sashe ya plastiki wangali na joto, anakaza fundo mara mbili ili hewa isiingie, anamkabidhi mwenye pikipiki. Barabara yetu ya kwenda Goma mnaijua: safari ya siku moja huweza kuwa ya siku nne.

Kifurushi cha namna hiyo kimewahi kuua. Mwaka 1980 madaktari waliandika habari za watu wa Kenya waliokula kumbikumbi waliosafirishwa kwa siku kadhaa ndani ya mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa. Wakapata ugonjwa uitwao botulismi, na baadhi yao wakafa.

Anayeuleta ni bakteria wa udongoni, Clostridium botulinum. Mbegu zake ziko shambani, mtoni, kwenye mizizi ya mboga, na tunazimeza mara nyingi bila madhara. Ni ngumu sana: maji yanayochemka hayaziui. Zikibaki ndani ya chakula chenye majimaji, kisicho na chumvi nyingi wala uchachu, mahali penye joto na pasipo hewa, huchipuka na kutoa sumu. Sisi tumezoea kuamini kwamba kilichofungwa vizuri kiko salama, kwa kuwa nzi hakifikii wala vumbi. Kwa nzi ni kweli. Kwa bakteria huyu, fundo lile ndilo linalomjengea nyumba.

Mafuta nayo hufunga kama sashe. Tazama chupa ya pilipili iliyosagwa na vitunguu saumu, ikafunikwa mafuta na kukaa mezani wiki kadhaa. Mafuta yaliyo juu yanazuia hewa isifike chini. Huko Uganda, mwezi wa Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni walipooza, na mmoja akafa. Kilichoshukiwa zaidi ni kiungo cha nyumbani chenye mafuta, kilichowekwa bila baridi. Kwa hiyo tengeneza pilipili kidogo, ya siku moja au mbili, kisha utengeneze nyingine. Na kopo la sardini au la nyanya lililovimba, usilifungue ili unuse. Sumu hii mara nyingi haina harufu wala ladha, na kuonja kidogo tu kunatosha kukulaza.

Chakula kilicholala kichemshwe upya hadi kitokote chote, katikati na chini, kwa dakika 10. Mbegu hazifi, lakini sumu yenyewe huharibika ikipata joto la zaidi ya digrii 85 kwa dakika tano au zaidi. Hata kwenye milima ya Masisi, ambako maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, joto hilo linapatikana. Ila chakula unachokishuku kitupwe, usikihesabie moto.

Tusimtafute mlozi

Hapa lazima tuseme wazi, kwa sababu ugonjwa huu unafanana mno na yale tunayoyaogopa. Mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, mtu anaona vitu viwili-viwili. Kope zinaanguka, kinywa kinakauka, sauti inakwama, mate hayamezeki. Kisha udhaifu unashuka shingoni, mikononi, miguuni. Hana homa, na akili yake ni timamu: anawasikia wote wanaomlilia. Watu wakiona hivyo wanasema ni karuho, yaani sumu ya kutiliwa na mtu, na jirani aliyeleta chakula anaanza kutazamwa vibaya.

Lakini chakula chenyewe kinaweza kuleta sumu bila mkono wa mtu. Huko Ubelgiji, mwaka 1895, wapiga muziki wa kijiji cha Ellezelles walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa, baada ya kupiga muziki kwenye mazishi. Watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem aliichunguza nyama ile na miili ya waliokufa, akampata bakteria huyu. Aliyeleta nyama hakuwa amemtilia mtu sumu.

Swali la kuuliza, basi, ni nani mwingine alikula sahani ileile, naye anaonaje. Wote waende kituo cha afya, hata wanaojiona wazima, na mabaki ya chakula yapelekwe yakiwa yamefunikwa. Mgonjwa asipewe mawese, maziwa wala mkojo ili atapike. Asiyeweza kumeza atapaliwa. Kwenye kipoyi alazwe ubavu. Msingoje asubuhi: kinachoua ni misuli ya pumzi kulegea, na dawa ya kupinga sumu hii haipo kwenye kila kituo. Ikipatikana huzuia ugonjwa usiendelee, lakini hairudishi haraka kilichokwisha kupooza.

Mtoto mchanga ana hatari yake peke yake. Asali ya msitu wa Walikale, tamu kama ilivyo, asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata tone la kumtuliza kikohozi. Mbegu zilizomo huweza kuchipuka ndani ya utumbo wake. Akifunga choo, kilio kikawa chembamba, akashindwa kunyonya na shingo ikalegea, apelekwe siku hiyohiyo.

Na mwana wa Goma? Atumiwe. Kumbikumbi wakaangwe, waanikwe juani juu ya mkeka hadi wavunjike kwa kidole kama sambaza mkavu, watiwe chumvi, wapoe kabisa. Wawekwe kwenye kikapu na kufunikwa kitambaa kinachopitisha hewa. Akiwapokea wamelowa mvua njiani, awamwage, mama asimkasirikie.