Mteja Mbele ya Ramani: Uwasilishaji wa Kazi ya Msanifu Majengo

Mtu anayejenga nyumba ya kuishi huenda akamhitaji msanifu majengo mara moja tu maishani. Ameweka akiba kwa miaka, kiwanja amekipata kwa shida, na sasa anawekewa mezani karatasi zenye mistari ambayo hakuwahi kufundishwa kuisoma. Huitikia kwa kichwa kwa sababu ya heshima. Kuitikia huko si ridhaa. Ridhaa hutolewa na mtu aliyeelewa anachokikubali, na jukumu la kumfikisha hapo ni la mtaalamu. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2010 imelihifadhi jina la msanifu majengo kwa waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na anayelibeba jina hilo anabeba pia wajibu wa kueleweka.

Uwasilishaji mzuri huanza na maneno ya mteja mwenyewe. Mahitaji aliyoyataja kikao cha kwanza yasomwe upya mbele yake: idadi ya vyumba, kiwango cha fedha, mama mzee asiyeweza kupanda ngazi, gari la pili litakalonunuliwa baadaye. Kinafuata kiwanja: barabara iko upande gani, maji ya masika yanaelekea wapi, jua la alasiri linapiga ukuta upi, upepo wa kusi na kaskazi unaingilia wapi. Mteja akishayaona hayo, ramani ya sakafu humjia kama jibu la maswali anayoyafahamu.

Ramani yenyewe inahitaji subira kuliko kitu kingine chochote katika kikao. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinaonekana kikubwa kikiwa tupu kwenye karatasi. Kichorwe kikiwa na kitanda cha futi sita kwa sita, ambacho huchukua takriban mita 1.83 kila upande. Kabati lenye kina cha sentimita 60 likiwekwa upande wa miguuni, njia inayobaki kati yake na kitanda ni sentimita 57, na milango ya kabati bado haijafunguliwa. Hapo mteja huacha kuitikia na kuanza kuuliza. Vivyo hivyo jikoni, chooni na sebuleni: samani zichorwe kwa vipimo halisi, milango ionyeshwe inakofungukia, na mteja apitishwe kutoka getini hadi chumbani kama mgeni atakavyopita. Inapowezekana, chumba kimoja kipimwe kwa chokaa juu ya kiwanja ili mteja asimame ndani yake.

Jambo dogo linaloleta hasara kubwa ni skeli. Mchoro wa 1:100 uliopangwa kwa karatasi ya A1 ukichapishwa kwenye A3 huwa 1:200, na fundi anayepima kwa rula hupata nusu ya kipimo. Kila karatasi iwe na mstari wa skeli uliochorwa, pamoja na vipimo vilivyoandikwa kwa tarakimu.

Picha za kompyuta zije baada ya ramani kueleweka, kwa kuwa zina nguvu ya kufunga mjadala mapema. Ni haki ya mteja kuonyeshwa jengo kama litakavyokuwa. Kumfutia ukuta wa jirani, kumpandia miti mikubwa isiyokuwepo, au kumvika nyumba vigae ambavyo bajeti haivimudu ni udanganyifu, hata kama kila mstari wa ramani ni sahihi. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya mandhari tu kitajwe hivyo waziwazi.

Gharama nayo isingoje mwisho. Makadirio ya awali ya mkadiriaji majenzi yawe mezani siku ileile ya usanifu wa awali, yakitaja kilichojumuishwa na kilichoachwa: uzio, kisima, shimo la maji taka, ada za kibali cha ujenzi. Mteja aliyekwisha kuipenda picha kabla ya kujua bei huwekwa katika nafasi mbaya ya kuamua, na mtaalamu mwadilifu hamweki mtu hapo.

Ifahamike pia ni nani anayeamua. Mara nyingi mwenye fedha yuko ughaibuni na anayehudhuria ni kaka yake, au mume anazungumza ilhali atakayeishi na jiko hilo kila siku ni mke aliyekaa kimya. Wote wapewe nafasi ya kusema kabla ya kutia saini. Kumbukumbu za kikao zitaje tarehe, toleo la michoro, yaliyokubaliwa na yaliyobaki wazi, na nakala imfikie mteja kabla michoro ya kibali haijaanza. Zieleze pia kama mteja anaruhusiwa kuitumia michoro hiyo kwa jengo la pili, maana kazi ya usanifu majengo inalindwa na sheria ya hakimiliki. Badiliko lolote litakaloombwa baadaye liandikiwe gharama na muda wake kwanza, kisha ndipo lichorwe.