Ripoti za uimara wa magari: amini injini, bushi kahesabu mwenyewe

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Butiama. Mkopo wake wa benki ulipotoka, akanipigia simu nimsindikize Musoma kuangalia gari. Dalali alikuwa kijana mtanashati, maneno yake matamu, na gari alilotuletea lilikuwa limeng'arishwa hadi matairi. Shemeji akauliza swali la maana kabisa: linadumu? Dalali hakufungua boneti. Alifungua simu. Akatuonyesha jedwali la utafiti wa Marekani, gari la jina lile lile, nyota zimejaa. "Mwalimu, haya si maneno yangu. Wameulizwa wenye magari wenyewe."

Nikamtazama shemeji usoni, nikaona ameshanunua.

Nikaomba ile simu, nikapandisha jedwali juu taratibu mpaka kwenye mwaka. Ripoti ilikuwa ya gari la 2021. Lililokuwa mbele yetu ni la 2006. Jina moja, lakini injini nyingine, giaboksi nyingine, hata bodi nyingine. Dalali akasema kampuni ni ile ile. Nikamjibu kwamba hata mimi na babu yangu ukoo ni ule ule, lakini magoti yetu hayafanani. Shemeji akarudisha funguo, na siku ile tulirudi Butiama kwa hiace. Mpaka leo nina kinyongo na madalali wa namna hiyo, kwa sababu fedha ya mwalimu ni fedha ya makato ya miaka.

Sasa, je, tafiti zile ni za kutupwa? Hapana. Consumer Reports ya Marekani ilianza mwaka 1936, haipokei matangazo, na huuliza wanachama wake gari limewasumbua wapi katika miezi 12 iliyopita. J.D. Power, katika utafiti wake wa udumifu, huwauliza wamiliki wa kwanza wa magari ya miaka mitatu, kisha huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Kazi hiyo naiheshimu. Shida ni kwamba kwa J.D. Power anayeulizwa ni mtu wa kwanza, gari lake bado changa, anapita kwenye lami. Sisi tunalipata gari likiwa na umri wa mwanafunzi wa sekondari. Hata wenzetu wa ng'ambo ya Sirari usiwanakili moja kwa moja: Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Mkenya anaposifia gari, mara nyingi anasifia gari changa kuliko la kwako.

Na malalamiko yenyewe yatazame. Kwa miaka mingi sasa, kundi linaloongoza katika ripoti za J.D. Power ni redio, skrini na simu kutoungana na gari. Gari linaweza kushushwa daraja kwa ajili hiyo tu. Hapa Musoma redio ya Kijapani ya zamani inaishia 90 MHz, maandishi yake huyasomi, na ndicho kitu cha kwanza kung'olewa. Kinachomshusha Mmarekani sisi tunakitupa wiki ya kwanza, na kinachotuua sisi, yaani bushi, boljointi na shokapu, yeye hajapata nafasi ya kukilalamikia.

Mimi binafsi nawapenda zaidi Wajerumani. ADAC, chama chao cha wenye magari, huhesabu magari ambayo mafundi wake wameitwa kuyanusuru barabarani, na betri ndiyo huongoza kila mara. TÜV huhesabu kasoro walizozikuta wakaguzi. Hawa hawamuulizi mwenye gari anajisikiaje. Mtu aliyelipa milioni kumi na kitu hawezi kukwambia mbele ya mkewe kwamba gari lake ni bovu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: soma ripoti kwa ajili ya injini na giaboksi peke yake, na hakikisha ni za kizazi kile kile. Ukikosa jina, tafuta ndugu yake. Toyota IST ya kwanza huikuti kwenye ripoti za Marekani kwa sababu kule iliuzwa kama Scion xA, modeli za 2004 hadi 2006. Probox hawakuuziwa kabisa, lakini Probox ya 1.5 ya miaka ile ina injini ya 1NZ-FE, ile ile iliyo kwenye xA. Vitz utaikuta Ulaya kwa jina la Yaris. Ukishajua injini ina sifa gani, funga simu.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Watu wengi huenda gereji wakamuuliza fundi, "Gari gani bovu?" Fundi mmoja pale Bunda alimjibu shemeji bila kusita: "Mura, IST. Kila siku naletewa IST." Shemeji akaanza kukata tamaa. Nikamvuta pembeni, tukatoka mpaka barabara kuu ya Mwanza, tukakaa kivulini kwa muuza soda, tukaanza kuhesabu magari madogo yanayopita. Kalamu, daftari la shule, vistari. IST, kistari. Probox, kistari. Noah, kistari. Mabasi na malori tuliyaacha. Tulipofika magari 100 tukarudi gereji, tukahesabu yaliyolala pale, kisha gereji ya jirani, kisha nyingine.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme aina fulani ni 30 katika kila magari 100 barabarani, na ni 20 katika kila 100 yaliyolala gereji. Hilo gari ni zima, hata kama fundi analiona kila siku. Analiona kila siku kwa sababu liko kila mahali. Tuseme aina nyingine barabarani ni 3 tu, lakini gereji ni 12. Hilo likimbie, hata kama fundi hajalitaja. Hajalitaja kwa sababu ni machache, siyo kwa sababu ni mazima.

Lakini usihesabu kila kitu kilichopaki. Gari lililokuja kumwaga oili halihesabiwi, wala lililogongwa. Angalia chini ya matairi. Kama majani yameota na kuzunguka rimu, kioo kina vumbi ambalo mtoto ameandikia jina lake, na kuku wamelala chini ya bampa, hilo gari liko pale muda mrefu. Hapo ndipo unauliza swali moja tu: linasubiri nini, na kinatoka wapi? Jibu likiwa "boljointi, mwenyewe hajapata hela", usijali. Spea iko Musoma mjini na kesho gari linaondoka. Jibu likiwa "giaboksi, tumeagiza Dar, Gerezani, hawajapata, sasa tunaulizia Nairobi", andika kwa wino mwekundu. Gari la aina ile ile aliyotuletea dalali tulilikuta kwenye gereji ya pili, juu ya mawe, likisubiri giaboksi. Shemeji alilizunguka kimya, akagusa majani kwa kiatu, akaniambia, "Twende."

Tena, ukimpata dereva wa mchomoko, muulize yeye na siyo tajiri wake. Usimuulize kama gari ni zuri. Muulize mara ya mwisho alinunua spea gani na iliyotangulia ilikaa muda gani. Dereva wa Probox anayebeba abiria na magunia ya dagaa kutoka mwaloni Mwigobero ana ripoti ambayo hakuna shirika la Marekani litakalokuletea.

Mengine unayajua: nenda na fundi wako, lijaribu asubuhi injini ikiwa baridi, kagua kadi. Ukiagiza Japani, dai karatasi ya mnada. Daraja la R maana yake limewahi kurekebishwa baada ya ajali, na muuzaji akikwambia karatasi imepotea, achana naye.

Shemeji alichukua Probox, kwa mtu na siyo kwa dalali. Ukiacha lami kuelekea shuleni kwake kuna vijimatuta vinavyotikisa gari mpaka meno, na bushi za mbele zimeshabadilishwa, kama daftari letu lilivyosema. Injini haijaguswa zaidi ya oili na plagi. Lile daftari amelihifadhi, na walimu wenzake wawili wamekuja kuliomba. Amewakatalia kulinakili, amewaambia wakahesabu upya, maana magari yanayopita Bunda mwaka huu siyo yale ya mwaka tuliokaa sisi.