Sita au Tisa? Tarakimu za Kiswahili katika Redio ya Ridhaa: Mfano wa Nyeri na Kangari

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, mwishoni mwa juma la tatu la mwezi wa Oktoba, maskauti wa nchi mbalimbali hukusanyika kando ya mitambo ya redio na kusemezana wakiwa mbali mno wasiweze kuonana. Shughuli hiyo huitwa Jambori ya Hewani. Wazo lake lilizuka mwaka 1957 katika jambori ya maskauti iliyofanyika Sutton Coldfield, Uingereza, na ikaanza mwaka uliofuata. Mwenye mitambo huwa ni mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu aliyepewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana na wenzake bila malipo yoyote.

Katika Afrika Mashariki, mji wa Nyeri una nafasi ya pekee katika historia ya uskauti. Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, alitumia miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyo kwenye hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake huelekea Mlima Kenya. Juu ya jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, ishara ambayo kwa maskauti humaanisha kwamba mwenye kuiacha amekwisha kurudi nyumbani.

Makala haya hayakusudii kusimulia historia ya uskauti. Yanakusudia kuchunguza jambo moja la kiisimu ambalo hujitokeza pindi Kiswahili kinapotumiwa redioni mahali kama Nyeri: kukanganyika kwa tarakimu sita na tisa. Hoja inayotetewa ni kwamba mkanganyiko huo una sababu za kifonolojia zinazoweza kuelezwa, na kwamba dawa yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

2.0 Mazingira ya mawasiliano

Chukuliwe mfano wa vikundi viwili vya vijana. Kimoja kimepiga kambi Nyeri, karibu na eneo hilo la kihistoria. Cha pili kiko Kangari, katika mashamba ya majani chai ya Murang'a, chini ya safu za Nyandarua. Kila kikundi kina mwanaredio mwenye leseni, betri ya volti 12, na waya wa urefu wa mita 20 hivi uliofungwa baina ya miti miwili ili uwe antena.

Kati ya Kangari na Nyeri pana migongo na mabonde mengi. Redio ndogo za mkononi, ambazo mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, huzuiwa na migongo hiyo. Kwa hiyo vikundi hivi vitalazimika kutumia bendi ya mita 40, ambayo mawimbi yake huelekezwa juu, yakagonga tabaka la anga lenye chembe za umeme na kurejea ardhini upande wa pili wa milima. Wimbi lililopita njia hiyo hufika limechoka. Hupanda na kushuka, na huandamana na mikwaruzo ya radi za mbali.

Aidha, mitambo yenyewe huipunguza sauti. Ili kubana nafasi hewani, redio za namna hii hupitisha sauti ya binadamu kuanzia takriban hezi 300 hadi hezi 2,700 tu. Kilicho juu ya hapo hukatwa. Mpaka huo ndio kiini cha uchambuzi unaofuata.

3.0 Uchambuzi wa kifonolojia

Silabi za Kiswahili kwa kawaida ni wazi, yaani huishia kwa irabu, na mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu ndizo zenye nguvu kubwa ya sauti, na sehemu muhimu ya nguvu hiyo hupita katika mpaka uliotajwa. Konsonanti sighuna ni dhaifu zaidi. Kikwamizo /s/ kina tatizo kubwa kuliko zote, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 4,000, mahali ambapo redio haifiki. Msikilizaji basi hushika irabu na kuzikisia konsonanti.

Ikiwa ndivyo, ni vyema tarakimu za Kiswahili zipangwe kwa irabu zake pekee:

sifuri: i-u-i
moja: o-a
mbili: i-i
tatu: a-u
nne: e
tano: a-o
sita: i-a
saba: a-a
nane: a-e
tisa: i-a

Orodha hii inadhihirisha jambo la kuvutia. Kila tarakimu ina mpangilio wake wa irabu usiofanana na wa nyingine, isipokuwa sita na tisa. Hata tatu na tano, zinazoanza kwa silabi moja, hutofautishwa na irabu ya mwisho. Sita na tisa hazina msaada huo. Zina fonimu zilezile nne; kinachozitenganisha ni kubadilishana nafasi kwa /s/ na /t/, na zote mbili ni konsonanti sighuna zinazotamkiwa kwenye ufizi. Kwa maneno mengine, tofauti yote ya maana imewekwa juu ya sauti ambazo redio huzidhoofisha. Hali ni hiyohiyo kwa sitini na tisini.

4.0 Uzito wa tatizo

Yawezekana mtu akadhani kwamba hili ni suala dogo. Hata hivyo, mawasiliano ya redio ya ridhaa yamejengwa juu ya tarakimu. Kwanza, kila kituo hutambulishwa kwa alama ya herufi na tarakimu. Alama za Kenya huanza kwa 5Y au 5Z, za Tanzania kwa 5H au 5I, na za Uganda kwa 5X. Majirani watatu ambako Kiswahili pia husemwa wana alama zinazoanza kwa tisa: Rwanda ni 9X, Burundi ni 9U, na wanaredio wa Kongo hutumia 9Q. Msikilizaji akidhani amesikia sita, 9X ya Rwanda hugeuka kuwa 6X, ambayo ni ya Madagaska. 9U ya Burundi huwa 6U ya Sudani. Na 9Q ya Kongo huwa 6Q ya Pakistani. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingemshtua msikilizaji kwa kukosa maana, kwani zote zimo katika jedwali la kimataifa.

Pili, kila anayewasiliana humpa mwenziwe taarifa ya usikivu yenye tarakimu mbili: ya kwanza, kati ya 1 na 5, hueleza jinsi maneno yanavyoeleweka, ya pili, kati ya 1 na 9, hueleza nguvu ya wimbi. Ndiyo maana taarifa bora husomwa "tano tisa" na si "hamsini na tisa", kwani hiyo si idadi moja bali ni vipimo viwili.

Tatu, kuna suala la saa. Daftari la mawasiliano huandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa sita mchana kwa Kiswahili ni 12:00 kwa saa za Kenya, na katika daftari huandikwa 0900. Kijana wa Kangari anayesikia "saa sita" anatakiwa aandike tisa. Anayesikia "saa tisa" anatakiwa aandike kumi na mbili. Mahali ambapo hesabu yenyewe humchanganya mwanagenzi, mkanganyiko wa sauti huzidisha mashaka.

Zaidi ya hayo, wanaredio wa ridhaa hujizoeza kwa ajili ya siku ya dhiki, wakati simu zimekatika na barabara zimefunikwa na maporomoko ya udongo. Ujumbe kwamba watu tisa wamefukiwa, ukipokewa kuwa ni watu sita, unaweza kuwafanya waokoaji waache kuchimba mapema.

5.0 Kenda: neno la kale kwa haja mpya

Lugha nyingine zimekwisha kukabiliana na tatizo hili. Wajerumani wana zwei kwa mbili na drei kwa tatu, maneno yanayokaribiana mno kwenye simu. Walichofanya ni kuifufua zwo, umbo la kale la mbili, na kulitumia mahali penye hatari ya kutosikika vyema. Waingereza nao, katika mawasiliano ya redio, huongeza silabi kwenye nine ikawa niner ili isidhaniwe kuwa five.

Kiswahili hakihitaji kubuni neno. Sita, saba na tisa zilitoka katika Kiarabu. Kabla ya tisa kutawala, Kiswahili kilikuwa na kenda, na neno hilo lingali katika kamusi. Irabu zake ni e-a, mpangilio ambao hakuna tarakimu nyingine inayoutumia. Aidha, linaanza kwa /k/ na kubeba /nd/, sauti ghuna ya nazali isiyopatikana katika sita. Likitumiwa badala ya tisa, tarakimu zote kumi hutofautiana kwa irabu.

Isitoshe, kenda si mgeni kwa wasemaji. Mkenya yeyote hulitaja anapotaja Wamijikenda, watu wa miji tisa ya pwani. Katika Gikuyu, lugha ya wenyeji wa Nyeri na Kangari, tisa huitwa kenda hadi leo. Masimulizi ya asili ya jamii hiyo, yanayohusishwa na Mukurwe wa Nyagathanga katika Murang'a hiyohiyo ya Kangari, huwahesabu mabinti wa Gikuyu na Mumbi kuwa kenda iliyojaa, yaani tisa na mmoja zaidi. Kijana wa mlimani hatafundishwa neno hili, atakumbushwa tu.

Wapo watakaopinga kwamba kenda limechakaa, au kwamba msikilizaji asiyelijua atatatizika. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, pendekezo hapa si kuifuta tisa katika mazungumzo, madarasa au magazeti. Ni kuitengea kenda uwanja maalumu, kama Wajerumani walivyoitengea zwo. Msikilizaji asiyelijua atauliza, na kuuliza ni salama kuliko kuandika sita kwa uhakika usio na msingi. Vilevile, tarakimu zisomwe mojamoja, ili 96 iwe "kenda sita" badala ya "tisini na sita".

6.0 Zoezi kwa wanafunzi

Dai hili linaweza kupimwa bila gharama kubwa. Wanafunzi warekodi tarakimu kumi kwa mpangilio wa kubahatisha, zikisomwa na wasemaji kadhaa wa kike na wa kiume. Kwa kutumia programu ya kuhariri sauti, wakate kilicho juu ya hezi 2,700, kisha waongeze mikwaruzo. Wawasikilizishe wenzao na kuhesabu makosa ya kila tarakimu. Baadaye warudie wakiwa wameiweka kenda mahali pa tisa. Wachunguze pia iwapo lugha ya kwanza ya msikilizaji huathiri matokeo.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba sita na tisa ndizo tarakimu pekee za Kiswahili zenye irabu sawa, kwamba redio hudhoofisha konsonanti zinazozitofautisha, na kwamba kenda huondoa kasoro hiyo. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kinapungukiwa na istilahi za kiteknolojia. Katika mfano huu neno lilikuwapo kabla ya redio. Kilichobaki ni kijana aliyeketi chini ya antena, Nyeri au Kangari, alitamke, na mwenzake ng'ambo ya migongo aandike 9.