Dondoo muhimu: Nywila ya ujumbe wa sauti ikisahaulika
Mfanyakazi akisahau nywila, usifute kisanduku chake. Ujumbe wa wateja utapotea. Kwanza hakikisha anayeomba ndiye mwenyewe: mpigie kwenye simu ya mezani kwake. Katika FreePBX, mfumo unaoendesha simu za ofisi, fungua namba yake ya ndani, ingia sehemu ya Voicemail, andika nywila mpya, hifadhi, kisha bonyeza Apply Config. Kitufe hicho cha mwisho husahaulika sana, na bila hicho mabadiliko hayaanzi kufanya kazi. Halafu mfanyakazi apige *97, aingie kwa nywila hiyo mpya, abonyeze 0 kisha 5, ajiwekee nywila yake. Tafadhali usimpe 1234 wala namba yake ya ndani, hata kwa muda: wezi huanza kujaribu hizo, na wakipenya, ofisi inaweza kudaiwa simu za nje ya nchi ambazo hakuna mfanyakazi aliyezipiga.